Mbona nikiuliza maswali kuhusu imani naambiwa nina kiburi?

Safari hii meseji zenu nyingi zimegonga palepale, imani ya Kikristo na namna ya kuisogelea. Wengine mko nje mnachungulia, wengine mko ndani tangu mkiwa wachanga na bado mna maswali ambayo hamjawahi kuthubutu kuyasema kwa sauti. Nimechagua chache, baadhi nimezifupisha (yule wa kurasa sita anisamehe) na majina nimeyatoa yote.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana, nimesoma sayansi, kwetu hatukuwa watu wa kanisa kabisa. Hivi karibuni nimeanza kusoma Injili kwenye simu na kusema ukweli huyu Yesu amenishika, sijui hata niseme vipi. Shida ni kichwa changu, kila ukurasa maswali, mara miujiza, mara mbona watoto wanateseka, mara mbona Injili nne zinapishana. Nikiwauliza marafiki zangu waliookoka wananijibu amini tu, Mungu huwapinga wajikuzao, punguza usomi. Je ni kweli kuuliza ni kiburi? Na huo unyenyekevu ni nini hasa, nizime akili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usizime kitu. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu alisema mpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote na kwa roho yako yote na kwa akili zako zote, iko Mathayo 22, sasa hizo akili utampenda nazo vipi kama umeziacha mlangoni pamoja na viatu?

Lakini hao marafiki zako nao usiwatupe, manake kuna kitu wanakihisi ila wanakisema vibaya. Fungua Luka sura ya 1. Mle ndani kuna watu wawili wanatokewa na malaika yuleyule, Gabrieli, wanaambiwa habari zinazofanana, kwamba mtoto anakuja katika mazingira yasiyowezekana, na wote wawili wanauliza swali. Zakaria anasema "Nitajuaje neno hilo?" Mariamu anasema "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Ukiyasikia haraka haraka unaona ni swali moja, lakini Zakaria anapigwa bubu mpaka mtoto anazaliwa na kupewa jina, Mariamu anajibiwa vizuri anaelezwa na na juu yake anapewa mfano wa ndugu yake Elisabeti aliyebeba mimba uzeeni. Mi nimelikodolea macho hili jambo muda mrefu. Zakaria ni kuhani, mtu mzima wa dini, yuko hekaluni kazini kabisa, na anachotaka ni uthibitisho kwanza ndo aone kama atakubali. Mariamu yeye ameshakubali kwamba anayesema naye anaweza kumwambia kitu ambacho hakijui, anachotaka ni kuelewa kitakavyokuwa. Kwa hiyo wote wameuliza, tofauti iko kwenye walivyosimama wakati wanauliza. Na tafadhali ona na hili, Zakaria hakufukuzwa, mtoto alizaliwa vilevile, na kinywa kilipofunguka kitu cha kwanza kilichotoka ni sifa. Hata aliyeuliza vibaya alibaki kwenye hadithi.

Sasa weka pembeni hao wawili, nenda Mathayo 22 tena, kuna watu wanakuja kwa Yesu na maswali ambayo majibu yake hawayataki. Kumlipa Kaisari kodi ni halali ama sivyo? Mwanamke aliolewa na ndugu saba, siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani? Hao wa swali la pili, Masadukayo, kundi moja la dini la Kiyahudi, walikuwa hawaamini hata huo ufufuo wenyewe, yaani swali ni mtego tu. Kiburi ndo hicho, kuuliza huku umeapa hakuna jibu litakalokugusa, kama mtu anaenda kwa daktari na tayari ameshajiandikia dawa mwenyewe anataka tu mhuri.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni hiki, ukiuliza jiulize pia: jibu likija na likanikuta nimekosea, nitafanyaje? Kama unaweza kusema nitageuka, uliza mpaka usiku wa manane hakuna atakayekulaumu. Nathanaeli aliambiwa tumemwona Masihi anatoka Nazareti akajibu kwa dharau kabisa, "Laweza neno jema kutoka Nazareti?" Afu akaambiwa "Njoo uone," na akaenda! Yesu alipomwona hakumkemea kwa ile kauli, alisema huyu hamna hila ndani yake.

Kuna mtu mmoja ungempenda sana wewe wa sayansi, Augustino, alizaliwa mwaka 354 huko Afrika ya Kaskazini, sehemu ambayo leo ni Algeria. Kijana msomi, anajua kuongea, mama yake Mkristo. Akaichukua Biblia akaisoma akaona lugha yake ya hovyo, haifikii uandishi wa Cicero, yule msemaji wa Kirumi aliyekuwa anamhusudu, akaifunga. Baadaye mwenyewe akakiri kwamba tatizo halikuwa Biblia, alikuwa anaona aibu kujishusha. Akajiunga na Wamanikayo, kundi jingine la dini la wakati ule, kwa sababu wao walimuahidi kila kitu kitaelezwa kwa akili, hakuna cha amini tu. Akakaa nao kama miaka 9. Maswali yakazidi, wakawa wanamwambia subiri aje Fausto, huyo ndo mkubwa wetu atakujibu yote. Fausto akaja, maneno matamu sana, ila alipoulizwa mambo ya nyota na hesabu zake akasema wazi hayajui na hatajaribu kuyajadili. Sasa kinachonifurahisha ni kwamba Augustino alimpenda zaidi kwa hilo, ingawa imani ya Wamanikayo ilianza kumtoka hapohapo, alisema mtu anayekiri asichokijua ni mzuri kuliko hayo mambo yenyewe aliyokuwa anataka kuyajua. Akaenda Milano, akawa anamsikiliza askofu Ambrosi, na mwanzoni alikuwa anaenda kusikia tu jamaa anavyopangilia maneno, ujumbe hakuwa na habari nao! Lakini masikio yakiwa wazi kwa kitu kimoja na kingine huwa kinapenya. Akabatizwa Pasaka ya 387. Na miaka mingi baadaye, ni askofu tayari, kijana mmoja msomi akamwandikia ana maswali kibao ya falsafa, akamjibu kwamba njia ya kuifikia kweli ya kwanza ni unyenyekevu, ya pili ni unyenyekevu, ya tatu ni unyenyekevu, na ukiniuliza tena nitakwambia hivyohivyo. Huyo ni mtu aliyeendelea kuuliza na kuandika mpaka anakufa mwaka 430, wala akili hakuizima.

Kuhusu Injili kupishana, sio wewe wa kwanza kugundua. Karne ya 2 mwalimu mmoja aitwaye Tatiano alichukua zote nne akazisuka zikawa simulizi moja iliyonyooka, na makanisa ya Siria yalisoma kitabu hicho miaka mingi tu. Ingekuwa rahisi kanisa zima likakichukua hicho likamaliza ubishi, lakini halikufanya hivyo, mwishowe hata Siria wakarudi kwenye nne. Yaani waliamua kukuachia wewe tofauti zote mezani uzione kwa macho yako. Mi hilo linanipa imani kuliko kama zingekuwa zinafanana neno kwa neno.

Mateso ya watoto sitakujibu hapa. Anayekupa jibu la dakika mbili kwa hilo swali muogope. Soma Ayubu, yote, usiruke mashairi ya katikati, utaona mtu anamlilia na kumlalamikia Mungu sura nyingi sana, na mwishoni Mungu anawaambia wale rafiki zake waliokuwa wanamtetea Mungu kwamba hamkunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu. Mlalamikaji ndo kasifiwa!

SWALI: Mwalimu nataka kuanza kusoma Biblia nimeanzia mwanzo nikafika Mambo ya Walawi nikakwama, niende wapi?

JIBU: Wengi sana wamezikwa hapo Walawi. Anza na Marko, ina sura 16 tu, unaweza kuimaliza kwa kikao kimoja kama hujashika simu nyingine. Afu Luka, afu Matendo ya Mitume manake mwandishi ni yuleyule na hadithi inaendelea, Zaburi moja moja katikati. Kama Kiswahili cha ile Biblia ya 1952 kinakuchosha chukua Habari Njema, hakuna tuzo ya kusoma usichokielewa. Walawi utairudia baadaye na utashangaa kumbe ina mambo.

SWALI: Mimi ni mama, nimeokoka miaka mingi, nahudumu kwaya. Mdogo wangu wa mwisho nyumba moja na mimi, ameanza kuhoji kila kitu, Biblia nani aliiandika, mbona madhehebu mengi, mbona mnaomba hampati. Nikimjibu tunaishia kugombana, juzi nimemwambia atakwenda motoni akaondoka mezani. Nifanyeje nimrudishe?

JIBU: Dada yangu, kwanza pumua. Nitakusema kidogo, usinikasirikie.

Kwenye meseji yako nzima umeniandikia alichouliza mdogo wako ila hujaniandikia hata mara moja kwamba ulimuuliza anamaanisha nini. "Mbona mnaomba hampati", hilo kwa mtu anayekaa nyumba moja na wewe huwa halitoki hewani, kuna kitu aliomba. Umewahi kujua ni kitu gani? Mi naanza kusikia huzuni humo wewe unasikia uasi, na ukimjibu mtu mwenye huzuni kwa mistari ataondoka mezani kila siku.

Petro aliandika tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, huu mstari waliookoka wengi tunaujua kwa kichwa, ila tunaukatia hapo. Unaendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu." Na Yuda, kile kitabu kidogo cha sura moja karibu na mwisho, anaagiza wahurumieni wengine walio na shaka. Kuwahurumia, hakusema kuwashinda. Halafu ona Prisila na Akila, mke na mume kwenye Matendo 18, walimkuta Apolo anahubiri sinagogini, mtu wa elimu, hodari wa maandiko, lakini alikuwa anajua ubatizo wa Yohana tu, yaani somo lake lina pengo. Mimi na wewe tungeinuka palepale tukamsahihisha mbele za watu, siku hizi tungemrekodi kabisa klipu itembee. Wao wakamchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi, na kanisa likapata mhubiri badala ya kupata adui.

Na madhehebu mengi, na nani aliiandika Biblia, hayo mbona ni maswali halali dada, we mwenyewe unayajibu vipi? Kama hujui mwambie sijui, tutafute wote. Najua inauma kusema hivyo mbele ya mdogo wako uliyemlea, unaona kama imani yako itaonekana nyepesi. Ila mtu aliyeokoka miaka mingi naye anatakiwa kubaki mwanafunzi. Petro alikuwa mtume, ameshatembea na Yesu, ameshahubiri Pentekoste, na bado kwenye Matendo 10 akaonyeshwa mara tatu kwenye maono kuhusu vyakula najisi na akapinga, ndo baadaye nyumbani kwa Kornelio, mtu asiye Myahudi, akaelewa kwamba Mungu hana upendeleo. Angesema mi nimeokoka zamani nyie hamniambii kitu, sisi wa mataifa tungekuwa wapi leo?

Kuhusu moto, rudi kwake umwombe radhi. Usiweke "lakini" mwishoni.

SWALI: Kanisa ninalosali kiongozi wetu anasema kumuuliza yeye ni kumuuliza Mungu. Mtu akihoji matumizi ya sadaka au unabii ambao haukutimia anaambiwa ana roho ya uasi, "msiwaguse masihi wangu". Mimi nataka kuwa mnyenyekevu kweli, siyo muasi. Ila moyo haujatulia.

JIBU: Moyo wako uko sahihi, usiunyamazishe. Hapa unyenyekevu unatumika kama kufuli, na hii inanikera kuliko maswali yote ya wasioamini duniani.

Huo mstari ni Zaburi 105:15, nenda ukausome kuanzia juu kidogo. Zaburi inasimulia wazee, Ibrahimu, Isaka, Yakobo, walipokuwa wachache, wageni, wanahama taifa hadi taifa, na Mungu akawaonya wafalme wasiwadhuru. Ni mstari wa kuwalinda wanyonge dhidi ya wakubwa. Mtu mwenye kipaza sauti na walinzi anapoutumia dhidi ya mama mmoja aliyeuliza sadaka imeenda wapi, ameugeuza kichwa chini miguu juu. Watakuletea pia Daudi hakumgusa Sauli, mfalme aliyekuwa anamwinda amuue, na ni kweli hakumgusa, ila soma hiyohiyo 1 Samweli 24 uone alimwita kwa sauti mbele ya watu, akamwonyesha kipande cha vazi alichokikata, akamwambia Bwana na aamue kati ya mimi na wewe. Na sura za kabla na baada yake alikuwa anamkimbia! Kumheshimu mtu na kukaa mbali naye vinaenda pamoja vizuri tu.

Watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo, sio mtu mdogo, na bado wakawa wanayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na Biblia inawaita waungwana kwa sababu hiyo. Paulo mwenyewe alishindana na Petro uso kwa uso Antiokia, ameandika Wagalatia 2. Yohana anasema msiiamini kila roho, bali zijaribuni. Mitume walihojiwa na hawakudai wako juu ya maswali, huyu wa kwenu amepata wapi cheo kikubwa kuliko chao?

Unyenyekevu wa Kikristo unaanzia kwa Mungu, na ukimnyenyekea yeye unapata ujasiri wa kutomwogopa mwanadamu. Kwa hiyo uliza. Uliza kwa adabu, nenda na mtu mwingine usiende peke yako, ulizia hesabu za sadaka kwa utaratibu uliopo. Ukijibiwa vizuri umempata ndugu. Ukitishiwa laana kwa kuuliza, hapo jibu umeshapata, na kuhama kanisa sio kumhama Kristo.

SWALI: Naomba miezi sasa nianze kuamini, sisikii chochote, wenzangu wanalia machozi kwenye maombi mi nimekaa tu. Labda sikuumbiwa haya mambo?

JIBU: Kulia sio cheti. Kuna watu wanalia kwa wimbo tu na kesho hawakumbuki waliomba nini. Mama Teresa wa Calcutta alikufa 1997, miaka kumi baadaye barua zake zikachapishwa watu wakashangaa, kumbe kwa miongo mingi alikuwa haisikii kabisa ile faraja ya Mungu, ameandika giza na ukavu, na huku kila asubuhi anaamka anaenda kuwaosha wagonjwa. Na Zaburi 88 imeishia gizani kabisa, neno la mwisho ni giza, hakuna haleluya ya kufungia, na bado imewekwa kwenye kitabu cha sala ili watu kama wewe wawe na cha kusema.

Yule baba wa Marko 9 aliyeleta mtoto mgonjwa, alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto akapona, hakuambiwa nenda kwanza kamalizie hiyo imani nusu urudi. Omba hiyo. Ukichoka kuomba kwa maneno yako soma zaburi kwa sauti, maneno ya wengine yamebeba watu wengi. Na kama kuna uzito mwingine maishani, usingizi hauji, chakula hakipiti, muone na daktari pia, usidhani kila ukimya ni wa kiroho.

SWALI: Naweza kuingia kanisani kama bado sijaamua kuamini? Naogopa kuonekana mnafiki au kulazimishwa.

JIBU: Ingia tu. Kanisa la karne za kwanza lilikuwa na watu wa aina yako kwa kundi zima, wakatekumeni, wanaitwa wasikilizaji, sehemu nyingine walikaa hivyo miaka mpaka mitatu wanafundishwa na kuangaliwa mwenendo ndo wanabatizwa, hakuna aliyewaharakisha. Mnafiki ni anayejifanya ameshafika, wewe unasema wazi bado unatafuta.

La kuwa makini ni meza ya Bwana. Kwa Wakatoliki na Waorthodoksi komunyo ni ya waumini wao walio tayari, makanisa mengine yana utaratibu wao, kwa hiyo wengine wakienda mbele wewe baki umekaa, hakuna shida, au muulize mtu wa pembeni kabla ibada haijaanza. Sadaka sio kiingilio, kikapu kikipita kipitishe. Wakiuliza wageni wasimame na hutaki kusimama, usisimame. Kaa nyuma karibu na mlango kama unajisikia salama hapo, nenda mara kadhaa kabla ya kuamua manake ibada moja haitoshi kukupa picha, na ukitoka na swali mtafute padri au mchungaji umuulize, na usishangae akikwambia ngoja nikalisome kwanza, huyo ndo wa kurudi kwake.